Vibao Hamsini na Viwili

Niseme mapema ili usisome roho ikiwa mkononi: siku hiyo hakuna aliyekufa. Kuna kijana mmoja aliyeshonwa nyuzi nne juu ya jicho, na leo anajivunia kovu lile kuliko digrii anayoisomea. Kuna madirisha yaliyovunjika. Na kuna mimi, niliyepiga kelele ndani ya maktaba kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja ya kazi. Mengine mengi ninayokumbuka ni ya kucheka, isipokuwa dakika chache ambazo sikucheka kabisa, na hizo ndizo zimenifanya nishike kalamu.

Chuo chetu ni tawi dogo la chuo kikuu, nje kidogo ya mji wa Busia ukielekea Mundika. Ukisimama kwenye baraza ya maktaba unaiona barabara, na barabarani unayaona malori yamepanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda, madereva wamelala chini ya trela, viatu pembeni. Maktaba yenyewe ni jengo la chini lenye bati la kijani, madirisha yenye nondo, na mlango mmoja tu wa chuma wenye kioo kidogo kwa juu. Wafanyakazi tulikuwa watatu.

Wa kwanza ni mkuu wetu, mzee kutoka Adungosi, mwembamba, nadhifu, kalamu mbili mfukoni mwa shati kila siku. Alikuwa amefanya kazi ya ukutubi muda mrefu mpaka sauti yake ikaisha. Si kwamba aliugua. Alinong'ona tu. Alinong'ona maktabani, alinong'ona sokoni, na mkewe aliwahi kuniambia kwamba hata wakigombana nyumbani inabidi azime redio ndipo asikie anaambiwa nini.

Wa pili ni mimi, wa kaunta ya kuazimisha vitabu. Nilizaliwa katika nyumba ya watoto tisa, na katika nyumba kama hiyo asiye na sauti analala njaa. Nilipopata kazi hii niliimeza sauti yangu kama dawa chungu. Hasira sikuimeza. Wanafunzi wananijua vizuri. Wakiona nimevua miwani wanaanza kupekua madaftari yao kuangalia ni kitabu gani wamekichelewesha.

Wa tatu ni mama wa mabegi. Huyu alikaa nje, barazani, ndani ya kibanda cha waya kilichojengwa ukutani kando ya mlango. Hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuingia na begi. Alimwachia mama, akapewa kibao cha mbao chenye namba, akaingia, akaandika jina lake na namba ya kibao kwenye daftari langu. Akitoka anarudisha kibao, anapewa begi lake. Mama alikuwa mtu wa upande wa Sigalame, mzito kidogo, goti la kushoto bovu, na alikuwa rafiki yangu wa chai mpaka asubuhi aliyonizuia mlangoni.

"Mkoba," aliniambia, wanafunzi wakiwa wamesimama hapo.

Nilidhani ananitania. "Mama, si ni mimi?"

"Naona ni wewe. Mkoba wacha hapa. Barua ilisema watu wote."

Barua ilikuwapo kweli, vitabu vilikuwa vimeanza kupotea, na yeye hakukosea. Lakini nani anataka kuambiwa hivyo mbele ya watoto? Nikaacha mkoba, nikachukua kibao, nikaingia nimenuna, na sikumsemesha tena. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Tuliendelea kunywa chai ya chupa moja, maana chupa ilikuwa moja, ila maneno yetu yalipita kwa mzee.

"Mzee, mwambie huyo mama sukari imezidi."

Na kutoka barazani: "Mzee, mwambie madam si lazima akunywe."

Maskini mzee alinong'ona huku na kule kama mkalimani wa mahakama. Nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kuufurahia ugomvi ule. Njiani nikija kazini nilitunga neno la siku hiyo, na siku nilizokosa la kumtumia nilijisikia vibaya.

Sasa kuhusu kitabu. Mwaka huo makao makuu yalitutumia mwongozo wa dharura, kijitabu chembamba: moto ukitokea mfanye nini, watu wenye silaha wakiingia mfanye nini. Kilikuja na maagizo kwamba kibandikwe mahali pa wazi. Watu wa ofisi ya karo walikibandika. Watu wa jikoni walikibandika. Sisi tulikiorodhesha. Mzee alikitafutia namba yake, akakifunika kwa plastiki, mimi nikabandika karatasi ya tarehe kwa ndani, tukakipanga rafuni katikati ya vitabu vya usimamizi. Mzee alirudi nyuma hatua mbili akakitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami niliridhika. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Siku yenyewe yalikuwa yanatangazwa matokeo ya uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi. Upande ulioshindwa ulikuwa umeshajua umeshindwa, ukakodi vijana wa mjini. Saa nane mchana walifika kwa bodaboda, watatu watatu kwa kila pikipiki, na rungu, na panga, na mawe wameyajaza kwenye mifuko ya unga. Tulichosikia kwanza ni vioo vya ukumbi vikipasuka ng'ambo ya uwanja. Halafu mwanafunzi aliyekuwa dirishani akaruka kutoka kitini.

"Wasee, wameingia geti! Wako na panga!"

Waliokuwa nje walikimbilia mashamba ya mahindi nyuma ya chuo. Waliokuwa kwetu ndani hawakuwa na pa kukimbilia, maana kufikia mashamba lazima upite uwanjani. Viti vikaanguka. Msichana mmoja akaanza kulia. Mzee akapanda juu ya kile kistuli cha kufikia rafu za juu, akainua mikono miwili, akasema kwa nguvu zake zote:

"Tafadhalini, tulieni."

Hata mimi niliyekuwa chini yake nilisoma midomo tu.

Nikakumbuka mwongozo. Nikakimbia mpaka rafu ya usimamizi. Nafasi yake ilikuwa wazi. Nikakimbia kaunta, nikapekua kadi, nikaona kimeazimwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nikavua miwani.

"Nani ako na kitabu cha dharura?"

Mkono mmoja ukainuka polepole karibu na magazeti. "Ni mimi, madam."

"Kimechelewa wiki tatu."

Nilisema hivyo. Mawe yameanza kulia juu ya bati, watu wenye panga wako uwanjani, nami nimesimama pale namwambia mtoto wa watu kitabu kimechelewa. Wanafunzi wananikumbusha mpaka leo, na sina la kujitetea.

"Sori, madam. Iko kwa begi."

"Na begi?"

"Si iko kwa mama, nje."

Mzee aliketi kwenye kistuli chake. Lakini kijana akaendelea kusema, haraka haraka, kama anayesomewa na mtu sikioni. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na likizo walikaa siku mbili kwenye foleni ya Malaba, na ndani ya lori hakukuwa na kingine cha kusoma. Alikuwa amekisoma mara tatu.

"Ukurasa wa nne. Funga mlango. Weka vitu vizito. Zima taa, simu zinyamaze, watu walale chini mbali na madirisha. Hesabu watu. Ukishafunga usifungulie mtu mpaka polisi wafike."

Sijawahi kumpenda mwanafunzi namna ile. Nikaenda mlangoni nikazungusha ufunguo mara mbili, nikasukuma komeo. Wavulana wakaburura meza, wasichana wakazima taa na feni na kufunga mapazia, na kwa muda mfupi tu kila mtu alikuwa chini sakafuni. Nikachukua daftari. Kwa mujibu wa daftari, walioingia na hawajatoka walikuwa hamsini na wawili.

"Inueni vibao," mzee alinong'ona, na safari hii walimsikia.

Vibao vikainuka kwenye giza lile la mapazia, nami nikapita nimeinama, nikihesabu kwa kidole. Nikafika mwisho, nikarudia. Hamsini na viwili. Hesabu imekaa sawasawa na daftari! Mimi na mzee tulipeana mikono pale chini kama watu waliofunga harusi ya mtoto. Kwa kweli nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu hodari.

Mzee akapiga simu polisi. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikilalamika, "Halo? Halo? Ongea, husikiki!" na mzee akijitahidi, "Tafadhali, ni maktaba," na yule akisema atakata. Nikamnyang'anya simu nikaeleza mwenyewe, kwa ukali kidogo, na wakasema wanakuja.

Nilipomrudishia simu, raha ya kazi nzuri bado ilikuwa imenipanda kichwani, na mdomo wangu ukafanya ulivyozoea.

"Mzee," nikasema, "mwambie huyo mama..."

Nilikuwa nataka kumwambia amwambie kwamba leo ndiyo atajua nani anaijua kazi. Nikangoja jibu kutoka barazani, kwa mazoea, na baraza ikawa kimya. Mzee akanitazama. Uso wake ulikuwa umepauka.

Anayegawa vibao hana kibao. Haandiki jina kwenye daftari. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimehesabu wasomaji kila jioni, na hakuna jioni hata moja niliyomhesabu yeye. Nilikuwa nimefunga mlango kwa mikono yangu hii, nikazungusha ufunguo mara mbili, na mtu wangu nimemwacha nje na watu wenye panga.

Sitasema uongo kwamba niliwaza jambo la maana. Niliwaza goti lake. Niliwaza kwamba neno la mwisho nililomtumia lilikuwa kuhusu majani ya chai.

Nikainuka nikaanza kuvuta meza. Yule kijana akanishika nguo. "Madam, ukurasa wa nne..."

"Huo ukurasa usome wewe!"

Nikafika kwenye mlango, nikaweka mdomo kwenye kioo, na ile sauti niliyoimeza miaka yote ikatoka yenyewe, sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

"Mama! Mama wa mabegi! Uko wapi?"

Nyuma yangu mtu fulani, kwa mazoea tu, akasema "Shhh!"

Halafu kutoka chini, upande wa kibanda, ikaja sauti yake, tulivu kama ya mtu anayechambua mchele. "Niko. Punguza sauti, utawaita."

"Ingia ndani!"

"Goti imekataa. Na haya mabegi je?"

"Wachana na mabegi!"

"Kuna kompyuta za watoto wa watu hapa."

Nikafungua. Mzee hakunizuia, yeye ndiye aliyevuta meza ya mwisho. Nje jua lilikuwa kali, na ng'ambo ya uwanja vijana wale walikuwa wanashughulika na ubao wa matangazo, wakiupiga kana kwamba ubao ndio uliowashinda kwa kura. Mama alikuwa ameketi sakafuni ndani ya kibanda, amejirundikia mabegi mpaka kifuani, amebaki kichwa. Nikamshika kwapani nikavuta. Hakuinuka. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, naye akanijibu kwa maneno ambayo pia siwezi kuyaandika, na katikati ya kutukanana huko akasimama.

Sijui ni nani aliyeanza, lakini wanafunzi walikuwa wamejipanga mstari kutoka kibandani mpaka ndani, wakipitisha mabegi mkono kwa mkono kama matofali kwenye ujenzi. Mama akining'inia begani kwangu alikuwa anawaelekeza. "Pole pole na hiyo nyeusi! Hiyo iko na chakula!" Yule kijana wa mwongozo alikuwa wa mwisho kwenye mstari, karibu kabisa na uwanja, na ndiye aliyepigwa. Jiwe lilimpata juu ya jicho. Wale vijana walikuwa wametuona.

Tukaingia kwa pamoja, wote kwa mlango mmoja, sijui tulienea vipi. Ufunguo, komeo, meza. Tukalala chini.

Waliupiga ule mlango kwa rungu, wakavunja vioo vitano vya madirisha, wakatukana. Nondo zilishika. Chuma kilishika. Na sisi humo ndani watu hamsini na watano tulikaa kimya, kimya ambacho sijawahi kukisikia, hakuna anayekohoa, hakuna simu, hakuna kiti kinachoburuzwa. Mama alikuwa amemfunga kijana kichwa kwa leso yake na kumlaza mapajani. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika wangu, umeubana mpaka vidole vikafa ganzi. Upande wangu wa pili mzee alikuwa amelala, shavu sakafuni, macho wazi, na nikaona anatabasamu.

"Madam," akanong'ona. "Miaka yote nimekuwa naomba hii kimya."

Nikauma kofia ya kalamu nisicheke. Tumbo likatetemeka, mama akatetemeka na mimi, na kicheko kikatambaa sakafuni bila sauti, kutoka mtu hadi mtu, huku rungu zinalia mlangoni. Ukiniuliza kama niliogopa, niliogopa sana. Lakini na hilo pia lilikuwapo.

Polisi walifika na mabomu ya machozi mawili matatu, pikipiki zikanguruma, vijana wakatawanyika kuelekea mjini. Kisha mlango ukagongwa kwa adabu.

"Fungueni. Ni polisi."

Mtu wetu wa leso kichwani akainua kidole. "Kitabu inasema waulizwe kitambulisho."

Afisa aliyekuwa nje alipumua kwa nguvu, tukamsikia, kisha akapenyeza kadi yake chini ya mlango. Mzee akaivaa miwani, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, na namjua mzee, alikuwa anatafuta tarehe ya kurudisha. Akaridhika, akaniashiria nifungue.

Ungedhani watoto wangetoka mbio kwenda makwao. Mama aliomba kiti, akakiweka katikati ya mlango, akakunja goti lake bovu, akanyoosha mkono. "Kibao." Wakapanga foleni. Huyu analia, huyu anacheka, huyu anaongea na mamake kwenye simu, lakini kila mmoja alitoa kibao na kila mmoja akapata begi lake. Kijana alipopewa la kwake alilifungua kwanza, akatoa mwongozo wa dharura, akanikabidhi kwa mikono miwili, damu imekauka kwenye nyusi. Nikaupiga muhuri wa kurudishwa. Halafu mama akaifungua leso yake, polisi wakampeleka kushonwa, na tukaambiwa njiani aliwaeleza yote yaliyo kwenye ukurasa wa tano.

Mwongozo huo sasa umebandikwa ukutani, lakini mzee alikataa katakata kuing'oa ile namba.

Kwenye saa kumi na moja tulikuwa tumefagia vioo. Mzee alikuwa ofisini anaandika ripoti. Mimi na mama tulikaa kwenye ngazi ya baraza, na malori barabarani yalikuwa yameanza kusogea. Sikuwa na wa kumtuma.

"Mama, kuna kitu nataka kukuambia. Huo mlango ni mimi nilifunga."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona kwa hiyo kioo. Ulizungusha ufunguo mara mbili."

Niliinamisha kichwa nikawa natazama vumbi la viatu vyangu. Nilikuwa nimejitayarisha kusutwa, na kusutwa ningevumilia. "Sasa mbona hukuita? Mbona hukupiga kelele nifungue?"

"Ulikuwa unahesabu watoto. Nikasema wacha amalize hao, ndio anikumbuke."

"Na kama singekukumbuka?"

Alinitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto, akanyoosha goti lake taratibu mbele ya jua.

"Ungenikumbuka tu. Ungegombana na nani?"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu, kisha kicheko kikakatika nikaanza kulia kweli, kwa sauti, yangu yote. Hakuniambia ninyamaze. Alisogea karibu, akanifuta uso kwa upindo wa leso ile ile yenye damu ya kijana, tukakaa hivyo hadi mzee alipotoka kufunga.